Mulinda Lango, Siyo Mulango

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimepigiwa mipira kutoka kila upande ambao Mungu aliuumba, mu mvua na mu jua, na watu wenye viatu na watu wasio na viatu, na mingi niliiona kabla haijapigwa. Hapa Kasongo bado kuna watu wanaoniita Kizibo, kwa sababu nikisimama mu lango ilikuwa kama chupa imefungwa. Shule niliacha mapema, kwa hiyo vijana wanaosoma hii wanisamehe pahali nimeandika kama ninavyosema. Lakini nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, na mabati yake juu, nimeijenga kwa mikono hii miwili, na hapa sisemi juu ya kufyatua matofali.

Kazi ndiyo ilinitafuta. Siku ya kwanza nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, napita kando ya uwanja na beseni ya mandazi ya mama kichwani. Gardien wa timu, maana ndivyo tunavyomwita kwetu mulinda lango, tukifuata Kifaransa, alikuwa ameikimbia timu na kwenda Salamabila kuchimba dhahabu. Kocha alikuwa amemuweka mu lango muchezaji wa nyuma aliyeogopa mupira kama nyoka. Mupira mumoja ukapita juu ya kichwa chake, ukaja moja kwa moja kwenye beseni yangu. Niliukamata kwa mukono mumoja, beseni ikabaki kwa mukono mwingine, na hakuna andazi lililoanguka.

Kocha alikuwa mwalimu wa shule ya musingi, mutu mufupi, filimbi shingoni hata siku ya Mungu. Akasema, "Wewe mwenye mandazi, weka hiyo beseni chini, ingia."

Nikamuuliza nani atachunga mandazi.

"Wewe chunga lango. Mandazi tutachunga sisi."

Waliyachunga kweli. Nilipotoka, beseni ilikuwa tupu na wachezaji wote wako napangusa midomo. Mama alinipiga na ile ile beseni. Lakini kesho yake Kocha alikuja nyumbani kuniomba, na ndivyo nilivyoingia kazini.

Alinifundisha kazi kuanzia chini. Vidole gumba viwili lazima vikaribiane nyuma ya mupira, la sivyo unapita katikati na kukuachia aibu. Mupira wa juu wenye watu wengi haukamatwi, unapigwa ngumi, na kabla ya ngumi unapiga kelele "Yangu!" ili wenzako wakupishe. Muchezaji akija peke yake, usimungoje mu mustari. Unamtokea, hatua kwa hatua, na kila hatua lango nyuma yako linakuwa dogo mu macho yake. Hiyo tunaita kufunga pembe. Na kuanguka ni ufundi wake pia. Udongo wetu wa kiangazi ni mugumu kama sahani, ukiuangukia na kiwiko, kiwiko siyo chako tena. Unaanguka na paja, halafu ubavu, polepole, kama mutu anayelala kwake.

Lango letu lilikuwa miti miwili na mwanzi juu, bila wavu. Mupira ukipita karibu na muti kunazaliwa mabishano, na gardien asiyejua kubishana anahesabiwa magoli ambayo hayakuingia. Mimi sikuhesabiwa hata moja. Siku za mvua nilibeba unga wa muhogo mu mufuko mudogo, nikipaka kidogo mu viganja vilivyolowa unakuwa kama gundi. Wapinzani walisema ni dawa ya mulozi. Mara moja mwamuzi aliuchukua, akaunusa, akaulamba, akawaambia, "Ni bukari hii, ila haijaiva," maana bukari ndiyo ugali wetu. Tuliendelea kucheza.

Baada ya miaka michache sifa yangu ilivuka Kasongo bila mimi kuisukuma. Motari mumoja, hawa madereva wa pikipiki, alikuja kutoka Salamabila akisema Prezida wa timu ya kule ananitaka. Prezida alikuwa mununuzi wa dhahabu, tumbo mbele, sauti ndogo. Timu yake ilikuwa ya wachimbaji, wanaume wenye miguu kama nguzo. Nilipofika aliniangalia kutoka kichwa mpaka viatu, akasema, "Kizibo, wenzako nawalipa kukimbia. Wewe nitakulipa kusimama. Nieleze kwa nini nikulipe sawa nao."

Nikamujibu, "Prezida, siku utaniona mimi nakimbia, ujue timu yako imekufa."

Alicheka, akanipa mushahara sawa na wa wengine na chumba cha kulala. Sasa hicho chumba ndicho muanzo wa maneno yote. Kilikuwa chumba kidogo mu ukuta wa nyumba yake, kando kabisa ya mulango mukubwa wa kuingilia pikipiki na gari. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu, mutu akipiga honi nilifungua. Siyo kazi yangu, lakini sikai nikiangalia mutu anapiga honi. Asubuhi nilikaa pale inje kwenye kiti, filimbi ya mazoezi shingoni, nanyoosha vidole. Gardien mwema anavinyoosha vidole vyake kila asubuhi, vijana, msisahau.

Salamabila ndipo nilipomupata Feza. Alikuwa anatoka upande wa Lusangi na shangazi yake kuuza muchele sokoni, na siku za mechi shangazi alilinda meza, yeye akaja uwanjani. Aliniambia mara ya kwanza tu tulipoongea kwamba ile mechi ya juma lililopita niliangukia upande ambao haukuhitaji. Sijawahi kusikia mwanamuke akinisema hivyo, wala mwanaume. Nikaona huyu ni wa kuoa.

Tulipokubaliana alinionya. "Baba hajui mupira. Hajawahi kusimama kando ya uwanja. Umuelezee polepole."

"Mimi sielezwi," nikamwambia. "Mimi najulikana."

"Sokoni Salamabila, ndiyo. Kwetu wanajua muchele."

Baba yake, Muzee Lukali, alikuwa mulimaji, Mukristo wa zamani, mutu wa maneno machache. Alifanya kama wazazi wa kwetu wote wanavyofanya: kabla ya kupokea watu wangu, alimutuma mudogo wake Salamabila kimya kimya aone ninaishi namna gani. Huyo mudogo alifika asubuhi. Akanikuta nimekaa kwenye kiti kando ya mulango wa tajiri, filimbi shingoni. Honi ikalia. Nikasimama, nikafungua. Alirudi Lusangi na habari yake.

Mimi sikujua. Nilimwita baba yangu mudogo kutoka Kasongo awe musemaji wetu, kama desturi inavyotaka, maana kijana hajisemei mwenyewe mbele ya wakwe. Tulikwenda na mbuzi mumoja na kitenge cha mama mukwe. Walitupokea vizuri, tukala. Halafu Muzee Lukali akauliza kwa upole kijana anafanya kazi gani.

Baba mudogo akakohoa. "Kijana wetu ni gardien."

Muzee akamwangalia mudogo wake. Mudogo wake akaitikia kwa kichwa, kama mutu aliyekwisha kulisema jambo mapema. Kwetu, vijana, gardien ni yule anayelinda lango la mupira, na ni yule yule pia anayelinda nyumba ya tajiri. Neno ni moja. Mu midomo ya wachezaji linaangaza, mu masikio ya muzee wa Lusangi lilikuwa mutu mwenye tochi na fimbo.

Feza alikuwa amejificha nyuma ya pazia, nikamusikia anapiga ulimi. Baba mudogo akaona ameteleza, akajaribu kurekebisha. "Siyo gardien wa kawaida, muzee. Ni gardien de but." But kwa Kifaransa ni goli, lakini Kifaransa cha baba mudogo ni kama changu, alitamka "gardien wa buti."

"Viatu?" Muzee Lukali akasema. "Analinda viatu vya watu?"

"Hapana, hapana. Analinda lango."

"Ndiyo. Mudogo wangu alimuona palepale kwenye lango."

Hapo hakukuwa na njia tena. Nilitaka kusema mwenyewe, lakini desturi ilikuwa imenifunga mudomo, na kila neno la baba mudogo lilituchimbia zaidi. Muzee hakukasirika. Alisema tu kwamba gardien analala mu mulango wa wenyewe, na kwamba siku mwenye nyumba akihama, gardien na watoto wake wanabaki inje. Binti yake hakumulea kwa hiyo. Akaongeza kwamba kuna muuza vitenge wa Kabambare aliyemuomba Feza pia, na yeye atamujibu wakati wa kuvuna muchele. Alituruhusu kurudi na mbuzi wetu. Hiyo ndiyo iliniuma, kurudishiwa mbuzi.

Feza alinisindikiza mpaka njiani. "Nilikuambia ueleze," akasema. Nikamwambia maneno hayawezi, lazima aone. Akaniuliza ataonaje, maana baba yake hatoki Lusangi isipokuwa kwenda kanisani. Nikamwambia basi nitamuletea uwanja mpaka Lusangi.

Nilikwenda kwa Prezida siku ile ile niliyofika. Nilimuomba mechi ya kirafiki, sisi na wachezaji wa Kabambare, kwenye kiwanja cha Lusangi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Nipeleke timu yangu yote porini kwa ajili ya mukwe wako."

"Ndiyo, Prezida."

"Na pikipiki zangu zote."

"Ndiyo."

Nafikiri alikuwa na watu wake wa dhahabu upande ule aliotaka kuwasalimia, lakini hakunionyesha. "Tutakwenda. Ila ukifungwa hata goli moja, pikipiki itarudi bila wewe. Utatembea mpaka Salamabila."

Lusangi haikuwahi kuona siku kama ile. Watu walitoka mashambani na majembe mabegani. Muzee Lukali alikuja kwa sababu Feza alimubebea kiti, na akamuwekea nyuma ya lango langu, kidogo tu upande. Mutu akitaka kujua kazi ya mutu, anakaa karibu na kazi hiyo. Mudogo wake alisimama kando yake. Mimi nilivaa glavu mupya, nikaruka, nikagusa mwanzi wa juu. Nilisema moyoni, leo atajua.

Sasa musikie jambo ambalo hakuna kocha anakufundisha. Timu yetu ilikuwa kali sana. Wale wa Kabambare walikuwa watu wema lakini hawakuvuka katikati ya uwanja. Mupira wote ulichezwa kule mbele. Tulipata goli la kwanza, la pili, la tatu, na mimi nilikuwa nimesimama. Nilitembea kutoka muti huu kwenda muti ule. Nilitema mate mu glavu. Nilipanga mawe madogo. Nyuma yangu nikasikia Muzee Lukali anamwambia mudogo wake, bila ubaya, kama mutu anayesema juu ya mvua:

"Hata mbwa wa mulango anabweka."

Mapumziko nilimufuata kapiteni wetu, Sefu, muchimbaji mukubwa mwenye kovu mu shavu, aliyekuwa anakula muwa. Nikamwambia, kapiteni, waachieni wapite kidogo.

"Tuwaachie nani?"

"Hawa wa Kabambare. Waje kwangu."

Akaniangalia kama vile niko na malaria. "Tunaongoza tatu bila. Unataka nini, Kizibo?"

"Nataka kuoa."

Wachezaji wote walianguka chini kwa kucheka. Sefu akatema kapi la muwa. "Basi tutakuozesha."

Walifungua kweli, tena zaidi ya nilivyoomba. Kipindi cha pili mipira ilikuja kama mvua ya mawe. Nilipangua wa juu, nikakamata wa chini, nikamutokea mutu peke yake na kufunga pembe mpaka akachanganyikiwa akapiga inje. Nilicheza kama sijawahi kucheza, na mimi nimecheza sana. Kila mara nilipoamka na vumbi mudomoni nilimwangalia Muzee Lukali. Alikuwa amefunga uso. Feza aliniambia baadaye alichokuwa anauliza: "Huyu kijana anaanguka sana. Iko na kifafa?"

Halafu Sefu akamukanyaga mutu wa Kabambare, hatua kama ishirini mbele ya lango letu, na mwamuzi akatoa mupira wa adhabu. Pahali pale gardien anafanya kitu ambacho watu wengi hawakiangalii. Anapanga ukuta, maana yake anawaweka wachezaji wake bega kwa bega wafunike upande mumoja, yeye achunge ule mwingine. Kwa hiyo unasimama kwenye muti wa lango, jicho moja limefungwa, na unawaamuru. Nilimwita Sefu aende kulia. Akaenda. Nikamwambia kulia tena, kwani hujui mukono wako, wewe mujinga? Akaenda tena. Nikamutoa mufupi, nikamuingiza murefu, nikawaambia wakaze, nikawaambia wasipumue. Wanaume watano wa machimboni, kila mumoja anaweza kubeba gunia mbili, walisimama kama nilivyowaweka, mikono imefunika pahali wanapoogopea, kimya kama watoto wa katekisimu.

Nyuma yangu nikasikia kiti kinasogea. Muzee Lukali alikuwa amesimama.

Mupira ulipigwa, ukapita juu ya ukuta, ukagonga muti, ukaingia. Jua lilikuwa mu macho yangu, kila mutu aliyekuwako anajua. Mechi iliisha tatu kwa moja. Mimi niliona ndoa imeingia pamoja na ule mupira.

Muzee alikuja mpaka ndani ya lango, fimbo mukononi. Baba mudogo, aliyekuwa amekuja kuangalia mechi, akakimbia kuja kusimama kando yangu. Lakini muzee aliniuliza mimi.

"Wale wanaume ni wako?"

"Hapana, baba. Ni wachezaji wenzangu."

"Yule mukubwa mwenye kovu. Ulimwambia songa, akasonga."

"Ndiyo, baba."

"Na ulimutukana."

"Kidogo."

"Na hakujibu."

"Hajibu, baba. Pale mutu hajibu."

Akamugeukia mudogo wake. "Wewe uliniambia gardien. Gardien anaambiwa fungua, anafungua. Huyu iko naamuru watu. Huyu ni chef de poste."

Chef de poste kwetu ni mukubwa wa serikali wa pahali, mutu anayesalimiwa watu wakisimama. Mudogo wake hakupenda kushindwa, akasema lakini goli liliingia. Muzee hakumwangalia hata. "Chef alipanga vizuri," akasema. "Watu wake ndio walikosa."

Nimekuwa na makocha wengi, wengine na diplome, na sijawahi kukutana na mutu aliyeelewa mupira kama yule muzee. Baba mudogo alifungua mudomo kueleza tena, nikamukanyaga muguu. Muzee akasema kwa utulivu kwamba muuza vitenge atajibiwa, na kwamba watu wangu warudi wiki ile wazungumze kama watu wazima.

Prezida hakusahau maneno yake. Pikipiki ziliondoka, Sefu ananipungia mukono. Nilitembea na viatu shingoni, na Feza akanisindikiza kipande kizuri cha njia akisema ule mupira wa adhabu ungekamatwa na mutu yeyote.

Tuliozeshwa baada ya mavuno. Salamabila nilikaa mpaka bei ya dhahabu ikaharibika na Prezida akaiacha timu. Nilikwenda Kabambare, kwa Katibu mukali wa timu ya kule, aliyetaka gardien awe na cheti cha shule, mpaka aliponiona nakamata. Halafu nilirudi Kasongo, na pale ndipo nilipomalizia. Siku ya kuacha haikuletwa na jeraha kubwa. Mupira mumoja ulikuja upande wa kushoto, mupira rahisi, nikauona mapema kama kawaida, nikamwambia muguu twende, muguu ukakaa. Niliuangalia ukiingia. Nilitoa glavu palepale, nikampa gardien wa akiba, nikatoka.

Sasa niko na duka langu la misumari na mabati, na kidole hiki cha katikati kinaangalia upande wake chenyewe. Vijana wananijia kuuliza siri. Wanataka kujua kuruka. Nawaambia kuruka ni kazi ya dakika chache, kazi yenyewe ni kusimama wakati hakuna mutu anayekuangalia isipokuwa mutu mumoja nyuma yako kwenye kiti, na wewe hujui ni nini anaona. Miaka yote nilifikiri mushahara wangu ulikuwa wa mikono. Siku hizi, nikikaa dukani mchana na wateja ni wachache, nafikiri labda ulikuwa wa sauti. Mikono inakamata mupira mumoja. Sauti ndiyo inazuia mingine isije.

Muzee Lukali bado ni muzima, na akipita Kasongo anawaambia watu anakwenda kumuona mukwe wake chef. Wanangu wanacheka. Feza huwa ananiuliza kwa nini siku ile sikumwambia baba yake ukweli, kwamba ulikuwa muchezo tu. Namwambia mutu akishapandishwa cheo hashuki mwenyewe.

Ila cheo nacho kina bei yake. Mahari ya gardien tungeiweza mu mwezi mumoja. Muchezaji mwenzangu mumoja, muchimbaji, alioa kijiji kile kile kwa dola mia tatu na mbuzi wawili, na hakuna aliyemulaumu. Lakini baba mudogo aliporudi kuzungumza, muzee alikuwa amekwisha kufikiri: chef hatoi mbuzi, anatoa ng'ombe. Chef analeta suti ya baba mukwe, na viatu vyake, na saa. Chef anawavika mashangazi, na mashangazi walikuwa wengi. Kila tulipotaka kupunguza, muzee aliuliza kwa upole kama serikali imeniondoa mu kazi. Nililipa kidogo kidogo, mushahara kwa mushahara, na kipande cha mwisho nilikipeleka Lusangi mwaka ule ule nilioacha mupira. Tulikaa kwenye mukeka mimi na baba mudogo na yeye, tukajumlisha vyote, ng'ombe, suti, vitenge na chumvi, na jumla ilikuwa dola mia tisa na arobaini na tatu.